Nyamizi na Mlango wa Jikoni

Sogeeni, wajukuu zangu. Sogeeni hapa mkekani. Wewe, acha kumfinya mwenzio! Haya, kimya. Hata mbu anyamaze.

Nyamizi alikuwa mdogo. Kazi yake ilikuwa kulinda mlango wa jikoni kwa Bibi yake.

Mbuzi akaja, tapu tapu tapu. Ametamani ugali.
Nyamizi akatanua mikono. Akatanua miguu.
"Hapiti mtu hapa!"
"Meee!" akajibu mbuzi. Yaani, mimi si mtu!
Lakini hakupita.

Shuleni wakacheza mpira wa mikono.
"Nani akae golini?"
Wote wakatazama chini. Golini kunauma!
Nyamizi akaenda golini. Mpira ukaja, vuuu!
Akauzuia kwa goti, pu! Kwa tumbo, paa!
"Hapiti mtu hapa!"

Nyamizi akakua. Akawa golikipa wa timu ya wanawake ya taifa.

Bibi yake mguu ulikuwa mbovu. Uwanjani hafiki.
"Mjukuu wangu, kombe la mwaka jana nimelisikia redioni tu. La mwaka huu niletee nilione."
"Nitalileta, Bibi."

Fainali ikachezwa. Vuuu! Pu! Paa! Wakashinda!

Mara akaja Mwenyekiti wa chama cha mpira wa mikono, na koti lake kubwa kama turubai. Akashika kipaza sauti.
"Mimi nimeshinda! Mimi nimezuia mipira!"
Maskini, hajawahi kuzuia hata nzi.
Akahutubia, akahutubia, mpaka watoto wakasinzia.

Kisha akalikumbatia kombe.
"Hili linakwenda kabatini kwangu, likapumzike."
Kombe likiingia kabati lile, halitoki tena!

Mwenyekiti akaenda mlangoni mwa uwanja, tapu tapu tapu.
Nani kasimama mlangoni? Nyamizi!
Katanua mikono. Katanua miguu.
"Hapiti mtu hapa!"
"Mimi si mtu! Mimi ni Mwenyekiti!"
"Hata mbuzi wa Bibi alisema hivyo hivyo."

Uwanja mzima ukacheka, kwa kwa kwa!
Mwenyekiti akaenda kushoto. Nyamizi kushoto.
Akaenda kulia. Nyamizi kulia.
Akainama apite kati ya miguu ya Nyamizi. Koti likanasa, kombe likamponyoka.
Nyamizi akalidaka, hop!

Jioni ile Bibi akaliona kombe. Akalishika. Akalinywea uji, sruuup!
"Sasa nimeamini," akasema. Akalala nalo kifuani.

Basi kombe likabaki kwa Bibi. Mwenyekiti akabaki na hotuba yake, analisomea kabati.
Na mlango wa jikoni? Kaurithi Kabula, mdogo wake Nyamizi. Kasimama pale, katanua miguu, usingizi umemshika.
"Hapiti... mtu... hapa..."

Nanyi laleni.