Tulimwambia Mama Yake Yuko Safarini na Bendi

Ndugu zangu wasomaji, nina miaka thelathini na tisa na ni mpiga gitaa. Nilikuwa mpiga gitaa, niseme hivyo. Siku hizi nalima maharage Busunzu, wilaya ya Kibondo, na gitaa langu limetundikwa ukutani kwa mama mkwe. Kuku wanalala chini yake bila kujali kwamba liliwahi kuwachezesha watu mpaka vumbi likafunika harusi nzima.

Najua wengi mnaosoma mikasa ya namna hii mnasubiri kusikia mke wangu alinikimbia na nani. Samahani, wangu si huo. Mke wangu hakunikimbia. Mke wangu alikufa... halafu akaendelea kuimba!

Naombeni mnisikilize taratibu.

Mimi ni mtoto wa wakimbizi. Wazazi wangu walitoka Burundi, mimi nikazaliwa huku, baadaye tukapata uraia na baba akapata shamba Kagerankanda, upande wa Kasulu. Gitaa nilifundishwa kambini na Mkongo mmoja aliyekuwa akinigonga vidole kwa kijiko kila nikikosea. Nilipokua nikaingia bendi ya Kasulu mjini. Mwenye vyombo alikuwa na duka la vitenge, tukimwita Bosi Shebe, mtu mcheshi, mwepesi wa kutoa na mwepesi zaidi wa kuahidi.

Dafroza nilimkuta humo humo bendini. Alikuwa Muha wa Busunzu, mfupi, mbishi, na sauti yake... niseme nini kuhusu ile sauti? Akianza kuimba sokoni, wauza nyanya walisahau kurudisha chenji! Tukapendana, tukafunga ndoa kanisani kwao, tukampata binti yetu Anitha.

Watu wanadhani maisha ya bendi ni raha. Raha gani? Ni kulala gesti zenye kunguni, ni kushuka na kusukuma Fuso kwenye tope jekundu la masika, ni kula ugali wa muhogo umekalia boksi la spika. Leo mnada Kibondo, kesho harusi Kakonko, keshokutwa soko la mpakani kule Nyabibuye, ambako Warundi walivuka kuja kuuza na kununua, wakarudi kwao wanaimba nyimbo zetu. Nguo tulizofua zilikaukia juu ya turubai huku gari linatembea.

Mtoto utamweka wapi kwenye maisha hayo? Anitha akalelewa na bibi yake Busunzu, na akakua akijua kwamba baba na mama wako safarini na bendi. Tunarudi na gauni jipya, tunakaa kidogo, tunaondoka. Wala hakuwa analia. Alikuwa anasimama barabarani anapunga mkono mpaka Fuso lipotee.

Kuzoea kwake huko ndiko kulikotuponza.

Tulikuwa Kasulu Dafroza aliposhikwa na homa. Tukadhani ni malaria ya kawaida, maana mwanamuziki haumwi, anameza vidonge na kupanda jukwaani. Homa ikampanda kichwani. Nilipomfikisha hospitali alikuwa ananiita kwa jina la kaka yake. Hakutoka tena...

Tulimzika Kagerankanda, kwenye shamba la baba. Bosi Shebe alibeba jeneza kwa bega lake na alilia kweli, simsingizii. Anitha hatukumleta. Alikuwa mdogo, ndiyo kwanza anajifunza kufunga vifungo vya gauni lake, tukamwacha kwa jirani kule Busunzu.

Baada ya mazishi mama mkwe akaniketisha, akaongea kwa upole.

"Baba Anitha, huyu mwana ukimwambia leo atashika nini? Hatakula, hatalala. Amezoea mama yake yuko safarini. Basi na awe safarini, mpaka akili yake ikomae."

Nikaona ni busara. Wangapi hapa hawajawahi kumwambia mtoto kwamba marehemu amesafiri? Lakini mtoto wa mkulima akiambiwa mama amesafiri, atashtuka, atauliza kulikoni. Wa kwetu hakushtuka hata kidogo! Kwa mtoto wa wanamuziki, uongo ule ulikuwa habari ya kila siku. Majirani wakaonywa, watoto wao wakanyamazishwa, mambo yakaenda.

Nikirudi, swali lilikuwa lile lile. "Baba, mama hakuja?"

Namjibu amebaki Mpanda, anakusalimia sana. Natoa viatu, nasema mama ndiye amekuchagulia. Safari nyingine nasema yuko Tabora. Jamani! Nilimpitisha marehemu mke wangu kwenye miji ambayo hakuwahi kuikanyaga. Na Anitha naye akawa ananituma. Nimwambie mama kwamba jino la mbele limeng'oka. Nimwambie mama kwamba siku hizi anajua kuchota maji bila kuyamwaga. Nikawa naitikia, nitamwambia, nitamwambia... kisha napanda garini nimeuma meno.

Sasa nije kwenye ile sauti.

Kabla ya kuugua, Dafroza alikuwa amerekodi wimbo wake kwenye studio ndogo pale Kasulu. Ni wimbo wa mwanamke anayewaaga majirani zake akienda kuuza ndizi. Sauti yake peke yake, bila vyombo, ilibaki kwenye kompyuta ya fundi mitambo wetu. Kati ya ubeti wa pili na wa tatu kuna kicheko. Siku ya kurekodi waya wa gitaa langu ulikatika ukanichapa kidevuni, naye akacheka. Wakakiacha kicheko kile kwa sababu kilinoga.

Tuliporudi barabarani bila yeye, kila tulipokwenda watu walidai wimbo ule. Bosi Shebe akaleta binti mmoja anaitwa Rehema, mzuri wa sura, sauti ya kawaida. Ukifika wimbo wa Dafroza, fundi anafungulia sauti ya marehemu, Rehema anafumbua na kufumba mdomo, sisi tunapiga vyombo chini yake. Wasiotujua walidhani anaimba yeye. Bosi akaniambia ndiyo njia ya kumuenzi mke wangu.

Sikukataa. Mnajua kwa nini? Nilitaka kuisikia. Ukweli ndio huo!

Lakini ndugu zangu, kuna mambo mtu hapaswi kuyasikia kila siku. Mchana tunapofunga vyombo kujiandaa kupiga, fundi huanza kwa kujaribu ile sauti peke yake. Niko nimeinama nafunga waya, mke wangu anavuta pumzi nyuma ya mgongo wangu. Anavuta pumzi... marehemu! Nageuka. Hakuna mtu, ni spika tu. Kibondo anacheka. Nyabibuye anacheka. Mvua inatunyeshea, watu wanakimbilia vibandani, yeye anacheka kicheko kile kile mahali pale pale. Nilijua hakuna mtu, na bado kila mara niligeuka.

Hata Rehema alianza kuogopa. Siku moja tukiwa tunakula aliniambia kwamba akifumbua mdomo kwenye wimbo ule, anahisi kuna mtu anamchungulia kinywani. Akaniuliza kama mimi huwa nahisi chochote. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Nilikuwa na sharti moja tu kwa Bosi Shebe. Wimbo ule usipigwe Busunzu, hata iweje. Akaapa kwa jina la Mungu.

Basi ikaja harusi ya mtoto wa mfanyabiashara mmoja wa Busunzu. Nilimkumbusha Bosi njiani, akanicheka, akasema mimi nina wasiwasi kama mwali. Mama mkwe naye alimweka Anitha nyumbani kuchambua maharage, kwa kuwa uwanja haukuwa mbali na kwake.

Alasiri, watu wamekwisha kula, baba wa bwana harusi akashika maiki. Akaomba wimbo wa Dafroza, binti yetu wa hapa hapa. Nadhani alitegemea tuuimbe wenyewe, kwa heshima yake. Nikamtazama Bosi Shebe, nikatikisa kichwa. Akanitazama. Akawatazama wazee waliokaa mbele. Kisha, wasomaji wangu, akamwashiria fundi.

Ningeweza kung'oa waya. Nimejiuliza mara ngapi kwa nini sikung'oa! Lakini vidole vilianza kupiga vyenyewe, ndivyo vilivyozoea kila sauti ile ikifunguliwa.

Watu wa uwanja ule walimjua Dafroza, walimlilia, wengine walifika mpaka kaburini Kagerankanda. Kina mama wakajishika midomo. Hakuna aliyecheza. Bibi harusi aliacha kujipepea.

Hapo nikasikia, "Mama! Mama amerudi!"

Alikuwa Anitha, anakimbia katikati ya wageni, maganda ya maharage yamemganda kwenye gauni. Akafika mbele, akashika kitenge cha Rehema kwa mikono yote miwili, akainua uso.

Rehema akafumba mdomo. Alishindwa, masikini. Akafumba mdomo akaanza kulia... na sauti ikaendelea kuimba!

Mwanangu akamwachia. Akasikiliza. Akazunguka nyuma ya spika kumtafuta mama yake. Hakumkuta. Akaweka kiganja kwenye boksi, akaita taratibu, kama mtu anayebisha hodi, "Mama, toka. Mimi Anitha."

Na humo ndani Dafroza akacheka.

Nilitupa gitaa. Fundi akazima kila kitu. Nikapiga magoti mbele ya mtoto wangu, watu wote wananitazama, na mnajua nilisema nini? Nilisema, "Mama yuko safarini, mwanangu."

Hata pale! Hata pale nilishindwa!

Mtoto wa jirani, rika lake, alikuwa amesimama kando na sahani ya pilau. Akasema bila ubaya wowote, "Mama yake Anitha alikufa. Sisi wote tunajua."

Anitha akawaangalia watu. Mmoja mmoja. Bibi mmoja akaanza kwa Kiha, "Yoo, mwana wanje...", yaani mwanangu, akaishia hapo. Wengine wakatazama chini. Hapo ndipo alipojua.

Hakulia. Tulirudi nyumbani akiwa ametangulia mbele. Akaingia chumbani, akatoka na vitu vyake, akavipanga kwenye mkeka. Akainua viatu.

"Hivi alininunulia nani?"

"Mimi."

Akainua gauni. Mimi. Akainua utepe wa nywele. Mimi. Akauliza na zile salamu zake, kwamba jino limeng'oka, alipewa nani? Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni amejifunika kanga usoni. Anitha akavikusanya vyote akampelekea bibi yake, akasema yeye hana mtu wa kumnunulia vitu.

Nilikwenda kwa Bosi Shebe kumwomba afute ile sauti. Akasema kwa masikitiko, na nadhani yalikuwa ya kweli, kwamba sauti ni mali ya bendi, na hata akifuta yeye wimbo umeshasambaa kwenye simu za watu. Hilo hakudanganya. Hata leo nikienda Kibondo naukuta kwenye bodaboda, naukuta kwenye vibanda vya kunyolea nywele. Mke wangu anaaga majirani, anakwenda kuuza ndizi, anacheka. Nami bado nageuka. Bendi niliiacha siku ile ile.

Nilimpeleka Anitha Kagerankanda. Alikuwa ameanza kujua kusoma, akasoma jina kwenye msalaba herufi kwa herufi, kidole kikifuata. Alipomaliza akasema ana kiu.

Tangu hapo, neno safari kwake lina maana moja tu. Mwalimu wake akikosekana shuleni anauliza amezikwa wapi. Bibi yake akienda gulioni, mtoto anakaa barabarani mpaka amwone kwa macho yake. Ukimwambia atarudi jioni, anakutazama tu. Anawezaje kuniamini? Mdomo wangu ndio ule ule uliomwambia habari za Mpanda!

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Mliofiwa, msimfiche mtoto kwa jina la kumhurumia. Mketisheni chini, mmwambie, mlie naye. Atakosa kula, atakosa kulala, lakini atakuwa na wewe wa kumshika. Mimi nilimnyima Anitha kilio cha mama yake, na nikampokonya baba vilevile. Na ninyi wanamuziki wenzangu mnaoishi barabarani, msimzoeshe mtoto kupunga mkono mpaka asijue tena mkono upi ni wa mwisho.

Juzi nilitakiwa kwenda Kasulu, baba yangu anaumwa mguu. Nilimweleza Anitha kila kitu, naenda wapi, kwa nini, nalala kwa nani, narudi lini. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akanisindikiza mpaka barabarani, hakupunga mkono. Gari liliposimama akanishika shati.

"Baba," akasema, "ukifa, uje uniambie wewe mwenyewe."