Mpira wa Chakula wa Mama

Nina miaka hamsini na moja, naishi Wattaya, huku Uarabuni, na haya ninayoyaandika hata kaka zangu hawayajui.

Mama alipopata kiharusi, Kiarabu kilimtoka kabisa, akabaki na Kiswahili chake cha Unguja. Ndiyo maana tukampeleka nyumba ya wazee kule Hail, kwa ajili ya Rehema, mhudumu kutoka Tanga. Akimwogesha walikuwa wakipiga soga mpaka mama anacheka.

Baadaye mama akashindwa kumeza. Hospitali wakamtia mpira puani wa kumlishia. Meneja wa nyumba ile akatwambia wazi: kibali chao ni cha kuogesha na kulisha kwa mkono, mpira ni kazi ya muuguzi. Ama mama ahamie penye wauguzi, ama tulete wa kwetu kila mlo.

Kuhama nilikataa. Huko nani angezungumza naye? Nikaleta muuguzi siku chache, kisha nikaona usumbufu... nikamvuta Rehema pembeni.

"Dada, mimi sina ruhusa ya kazi hiyo," aliniambia. "Wakijua, wananifukuza."

"Rehema, wewe si mtu baki. Mama ni mamako."

Angenikatalia vipi baada ya neno hilo? Nikamwonyesha namna ya kumimina maziwa polepole, kama nilivyomwona muuguzi akifanya. Kwamba kwanza lazima ahakikishe mpira haujahama, sikumwambia. Nilikuwa na haraka ya kurudi kazini.

Mchana mmoja mpira ulikuwa umeteleza. Maziwa yakaingia mapafuni, mama akakimbizwa hospitali hajiwezi.

Meneja akauliza mbele ya kaka zangu, nani alimruhusu Rehema? Rehema akanitazama. Alikuwa akiningoja.

"Muulizeni huyo mfanyakazi wenu," nikasema.

Mfanyakazi wenu! Mimi niliyemfanya mtoto wa nyumba... Hakunitaja. Akafukuzwa kazi, akarudishwa kwao Tanga.

Wasomaji wenzangu, mkiambiwa matibabu fulani hayaruhusiwi mahali, msione mnaonewa. Msimtafute mnyonge asiyeweza kuwakatalia mkamwita ndugu. Nawasihi.

Mama alinusurika, bado amelazwa. Kila nikienda huniuliza swali moja.

"Yu wapi Rehema? Mbona haji kuntazama?"

Namwambia yuko likizo.

"Basi mpigie simu, mwanangu. Wewe si dadake?"