Isale la Sebuleni

Jioni ile Honorata alichuma majani ya mwarobaini nyuma ya nyumba yake, pale Same mjini, akapita dukani kununua kipande cha sabuni. Shughuli ya kawaida kabisa. Alikuwa na mgonjwa wa kuogesha, na mgonjwa mwenyewe alikuwa mmea.

Ni isale. Alilikata kule Bombo mlimani, kaburini kwa mumewe Eliamini aliyefariki ghafla, akalipanda kwenye ndoo sebuleni. Watu waliguna: isale ni la mipaka na makaburi, halifugwi ndani kama paka. Sadock, mdogo wa marehemu, hakuguna. Alitabasamu.

"Sawa, shemeji," alisema mbele ya ukoo mzima. "Litakuwa shahidi. Likistawi, kaa. Likinyauka, ujue kaka amekukataa, na nyumba utaiacha."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Honorata naye, kwa uchungu wa msiba, akakubali. Kosa hilo alilijutia baadaye.

Maana isale lilistawi, hadi siku Sadock alipokuja kusalimia, akalishika majani na kulisifu mno. Alipoondoka tu, wadudu weupe kama nyuzi za pamba wakajaa kwenye makwapa ya majani. Majani yakageuka manjano, yakanata kama yamepakwa asali, na sisimizi wakapanga foleni. Aliwafuta, wakarudi. Akawafuta tena, wakarudi wengi zaidi.

Jioni hiyo ya mwarobaini, giza lilikuwa linaingia alipoanza kuosha. Kitambaa, maji ya sabuni na mwarobaini, jani moja moja, juu na chini.

Ndipo harufu ikaingia. Udongo wa mlimani uliolowa mvua... na Same haikuwa imeona tone tangu Mei.

Krr... krr...

Kitu kilikuwa kinakwaruza wavu wa dirisha.

"Honorata..."

Kitambaa kikamdondoka. Ilikuwa sauti ya Eliamini.

"Honorata... liache life. Nenda kwenu."

Tusidanganyane. Alilia. Mtu aliyemfumba macho kwa mkono wake mwenyewe, leo anamfukuza! Kisha kilio kikakatika, na hasira ikampanda. Tangu binti yao azaliwe, Eliamini hakuwahi kumwita kwa jina lake. Alimwita Mama Ernesta, hata siku ile ya mwisho, koo lilipokuwa linambana.

"Wewe si mume wangu," alinong'ona.

Kukwaruza kukakoma.

"Liache life..."

"Halifi! Nitaliosha leo, nitaliosha kesho, na nyumba hii sitoki!"

Akafungua wavu, akabeba beseni la maji machafu na wadudu wake wote, akalimwaga nje kwa nguvu zake zote. Pakasikika mguno, mguno wa binadamu kabisa. Kisha vishindo vya miguu vikakimbilia barabarani.

Asubuhi, hodi.

Alikuwa Sadock, amejifunika shuka hadi machoni, ameshika jani la isale. Na kwa Wapare, anayekuja na isale anaomba msamaha, na hakataliwi. Nyuma yake, kutoka getini hadi miguuni pake, sisimizi walikuwa wamepanga foleni.

"Shemeji... nisamehe. Hawatoki. Nikiwafuta, wanarudi."

Akashusha shuka. Kwenye nyusi. Masikioni. Katikati ya vidole...

Pamba nyeupe. Inatembea.

Honorata alitaka kumtemea mate. Lakini mila ni mila, akapokea jani.

"Nimekusamehe," alisema. "Beseni lile pale uani, na sabuni. Oga. Ndani mwangu huingii."

Akafunga mlango. Sebuleni, isale lilikuwa limechipua jani jipya, la kijani, safi. Alicheka peke yake kwa furaha. Ameshinda! Nyumba ni yake!

Jani lile likatikisika. Hapakuwa na upepo.

"Mama Ernesta..."

Sauti ilitoka ndani ya ndoo, chini kwenye udongo, nyembamba, kama ya mtu aliyebanwa koo.

"Mama Ernesta... umemsamehe kabla hujamuuliza nilikufaje."

Huko uani, maji yakaacha kumwagika.

 Honorata akageuka, jani la msamaha bado mkononi, akafungua mlango, akatoka kwenda kuuliza.