Chuma chenye Jicho Moja

Kila alasiri, akishatoka shule, Eness alivua gauni lake la shule, akala muhogo uliobaki chunguni, kisha akamshika mkono mdogo wake Sampa, wa miaka mitano, wakashuka ufukoni Kabuta. Huko aliwasaidia wanawake kukausha samaki. Kazi yake ilikuwa kuwageuza samaki kwenye vichanja na kuwafukuza kunguru, na kunguru wa Kabuta hawakuwa na haya hata kidogo. Eness alikuwa na miaka kumi na miwili, na vidole vyake vilinuka samaki hata siku ya Jumapili kanisani.

Mwaka ule wa 1954 kazi hiyo ilipata utamu mpya. Mwalimu Kapembwa alimwazima Eness kitabu cha hadithi cha Kiswahili. Nyumbani watu wa Kabuta walizungumza Kibemba, lakini wanawake wa vichanjani walitoka pande zote mbili za Ziwa Mweru, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha katika kuuza na kununua. Mama yake Eness alizaliwa Pweto, upande wa Kongo, kwa hiyo Eness alikisoma kitabu kile kama maji. Wanawake walipasua samaki na kuwatia chumvi, naye alisoma.

Msimulizi wa kitabu hicho alikuwa mtoto wa miaka mitano. Jina lake halikutajwa. Alijiita "mimi" basi. "Mimi ninalala mkeka mmoja na kaka yangu," ndivyo kitabu kilivyoanza. Mtoto huyo aliposema kwamba mwezi unamfuata yeye peke yake na kuwaacha wenzake gizani, wanawake walicheka hadi wakashika mbavu.

Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Banakulu Chilufya, yaani nyanya wa Chilufya, mama mmoja mnene mwenye kisu kikali na mdomo mkali zaidi. "Huyu mutoto ni wangu!" alisema. "Soma tena, Eness. Soma!"

Siku moja Eness alifika mahali ambapo hakuna aliyecheka. Mtoto wa kitabuni alieleza hivi: "Kaka yangu alikuwa anaumwa. Alikuja mtu mwenye koti jeupe. Mimi nilimwona kwa macho yangu. Alimchoma kaka kidole kwa mwiba wa chuma, akachukua damu yake, akaipaka kwenye kioo. Kisha akakipa kioo kile chuma chenye jicho moja. Chuma kile kikaitazama damu, na yule mtu akatabasamu. Asubuhi nilipoamka, upande wa kaka kwenye mkeka ulikuwa mtupu. Mama alilia, wala hakuniambia kitu."

Visu vilisimama. Kunguru mmoja alinyakua samaki, na hakuna aliyemfukuza.

"Banyama," alinong'ona Banakulu Chilufya.

Hakuna mtoto wa Mweru ambaye hakuwahi kutishwa kwa jina hilo. Banyama walikuwa watu waliosemekana kuvizia njiani na kunyonya damu ya wenzao. Watu wazima walilitaja jina hilo kwa sauti ya chini, huku wakitazama nyuma.

"Lakini hiki ni kitabu tu, Banakulu," alisema Eness.

"Kitabu tu?" Banakulu aliinua kisu. "Sikiliza, mwana. Ku baraza ya chifu, mutu akisema 'nimesikia,' banamufukuza. Akisema 'mimi nimeona,' hapo njo banamusikilizaka. Huyu mutoto anasema 'mimi.' Anasema 'kwa macho yangu.' Mutoto wa miaka tano anajua wapi kutunga uongo? Huyu ni shahidi! Funga ile kitabu. Usisome tena hapa!"

Eness alikifunga. Alikiweka chini ya kapu la chumvi, kana kwamba maneno yangeweza kutoka yenyewe. Kisha alimtazama Sampa. Mdogo wake alikuwa amelala chini ya kichanja, mchana kweupe, kipande cha muhogo mkononi. Tangu mwezi uliopita homa ilikuwa ikimjia na kumwacha, na sasa usingizi ulimchukua hata akiwa anakula. Eness hakupenda kuwaza jambo hilo, basi hakuliwaza.

Haukupita muda, kapasu, yaani askari wa chifu, alipita kijijini akipuliza kipenga. "Kesho dresa anakuja!" alitangaza. "Kila mutu alete watoto chini ya paa la soko. Dresa atapima damu, atafute ugonjwa wa malale. Kila mutu!"

Dresa, yaani tabibu msaidizi, alikuja kweli, akiendesha baiskeli. Jina lake Kalaba, kijana mrefu mwenye koti jeupe. Nyuma ya baiskeli alifunga sanduku la mbao, na alipolifungua, Eness, aliyekuwa akichungulia nyuma ya vichanja, alishika mti wa kichanja kwa mikono miwili. Dresa alitoa sindano. Akatoa vioo vidogo. Mwisho akatoa chuma cheusi chenye shingo iliyopinda, na juu ya shingo hiyo palikuwa na jicho. Jicho moja.

"Mungu wangu," alisema Banakulu Chilufya pembeni yake. "Kama vile mutoto alisema. Eness, mama yako iko wapi?"

"Amekwenda shambani, mukwai," Eness alijibu kwa heshima. "Tata yuko ziwani."

"Basi kimbia! Kamata mutoto, mufiche! Mimi nawaficha wajukuu wangu."

Eness hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alimbeba Sampa mgongoni, mzito na wa moto, akakimbia naye mpaka kwenye mfereji uliopita katikati ya mafunjo. Huko baba aliacha mtumbwi mdogo wa zamani. Alimlaza Sampa ndani, akashika upondo, akausukuma mtumbwi hadi mafunjo yakafunga nyuma yao. Sauti za kijiji zilipotea.

Hapo ndipo hofu nyingine ilipoanza. Baba, ambaye wao walimwita tata, alikuwa amewakataza kabisa kuingia mle. Kiboko alikoroma mahali fulani, karibu au mbali, Eness hakuweza kujua. Maji yalikuwa meusi, na kila gogo lililoelea lilifanana na mamba. Eness aliuweka upondo magotini, usigonge mtumbwi. Alitamani kulia lakini aliogopa kusikika.

Sampa alifumbua macho. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Yaya," alimwita dada yake, "tuko wapi?"

"Tumejificha. Nyamaza."

"Tata atatuona?"

"Tata yuko mbali, anavua."

"Hapana," alisema Sampa polepole. "Tata ameliwa. Ziwa linamulaka kila siku. Linakula miguu ya mtumbwi kwanza, halafu tata, halafu kofia. Asubuhi linamutapika."

Pamoja na hofu yote, Eness karibu acheke. "Ziwa halimli mtu hivyo, we mjinga! Tata anakwenda mbali tu. Mbali sana hata macho yanashindwa, basi unaona kama anazama."

"Linamukula," Sampa alisisitiza, machozi yakimlenga. "Mimi nimeona! Kwa macho yangu!"

*Mimi nimeona. Kwa macho yangu.* Alimtazama mdogo wake kama aliyemwona kwa mara ya kwanza. Sampa hakuwa anadanganya. Jambo hilo Eness aliweza kuliapia. Sampa alikuwa ameona kofia ya baba ikizama kwenye upeo wa macho, akasema alichoona. Ila hakikuwa ndicho kilichotokea. Je, na yule mtoto wa kitabuni? Yeye pia alikuwa na miaka mitano. Aliona mwiba, damu, kioo, na asubuhi mkeka mtupu. Lakini nani alimwambia kwamba mwenye koti ndiye aliyemchukua kaka? Hakuna. Hata mtoto mwenyewe hakusema hivyo. Waliosema ni Banakulu na wanawake wa vichanjani, na yeye Eness aliyekifunga kitabu katikati.

"Sampa," aliita. "Sampa!"

Sampa alikuwa amelala tena. Eness alimtikisa bega, akamtikisa tena. Kichwa kilikwenda huku na huku, lakini macho hayakufumbuka. Ngozi yake ilichoma mkono.

Eness hakuwa na uhakika na kitu chochote duniani. Pengine dresa alikuwa banyama kweli, naye Eness angempelekea mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe. Lakini mdogo wake alikuwa anamponyoka hapahapa, mbele yake, bila mtu yeyote kumchukua. Alisimama, akakita upondo kwenye tope, akasukuma. Kitu kizito kilitumbukia majini nyuma ya mafunjo. Eness alifumba macho, akasukuma tena.

Alipofika sokoni, dresa Kalaba alikuwa akifunga sanduku lake. Watoto wachache tu walikuwa wameletwa. Eness alisimama mbele yake akikitazama kile chuma, Sampa mgongoni.

"Dada, usiogope," alisema Kalaba. "Mlete hapa kivulini."

Sindano iligusa kidole cha Sampa, naye hakustuka hata kidogo. Tone la damu likapakwa kwenye kioo. Kalaba aliinama kwenye kile chuma, akatazama kwa muda mrefu. Hakutabasamu.

"Unakilisha chuma damu?" Eness aliuliza. Swali lilimtoka kabla hajalizuia.

Kalaba aligeuka, akamwangalia, akaelewa. "Njoo uone mwenyewe. Fumba jicho moja, hili lingine liweke hapa. Ndiyo maana kina jicho moja. La pili unakuja nalo wewe."

Eness aliinama. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Kisha akaona duara lenye mwanga, limejaa vitu vidogo vya mviringo, na kati yao kadudu kembamba kakijinyonganyonga na kuvisukuma huku na huku.

"Huyo ndiye mla damu," alisema Kalaba. "Mbung'o alimwingiza alipomuuma mdogo wako. Dawa ipo, na sindano ya kwanza atapata sasa hivi. Halafu atakwenda hospitali na mama yake. Ungemficha wiki chache zaidi, dada, mimi nisingekuwa na la kufanya."

Mama alirudi kutoka shambani akakuta habari zote sokoni. Alimpakata Sampa, akalia, akamshukuru Mungu, akamgombeza Eness kwa ajili ya mafunjo, kisha akamkumbatia, yote kwa pumzi moja. Jioni hiyohiyo lori la samaki liliwachukua yeye na mtoto. Eness alibaki na baba, akiulalia mkeka ambao upande mmoja ulikuwa mtupu, na kila asubuhi aliogopa kuutazama.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Sampa alirudi. Alishuka kwenye lori kwa miguu yake, amekonda lakini macho maangavu, akauliza kama kuna samaki wa kukaanga.

Siku ya pili yake Banakulu Chilufya mwenyewe alikitoa kitabu chini ya kapu la chumvi. Wajukuu wake walikwisha kupimwa. Aliwapeleka kwa fimbo. "Soma," alimwambia Eness, bila ya kelele zake za kawaida. "Safari hii mpaka mwisho."

Eness alisoma. Mama alikuwepo, Sampa amekaa mapajani mwake.

Mtoto wa kitabuni aliendelea kusimulia. "Mtu wa koti alirudi kumtafuta kaka. Mama alimwambia kaka amekwenda kwa bibi. Lakini mimi nilijua. Mama alikuwa amemficha kaka ghalani, nyuma ya mahindi, ili yule mtu asimpate. Mimi nilimpelekea maji. Kaka alikuwa amelala. Kesho yake nilimpelekea tena, bado amelala. Baba alikuja akamfunika shuka mpaka kichwani. Watu wengi walikuja nyumbani kwetu, wakaimba. Mimi niliwaambia wapunguze sauti, kaka asiamke."

Hapo kitabu kiliisha. Hakuna kisu kilichosogea. Mwanamke mmoja alifunika uso kwa kitenge, na mama alimkumbatia Sampa hadi akalalamika kwamba anabanwa.

"Kwa nini hawakumuamsha?" Sampa aliuliza. "Yaya, kwa nini?"

Banakulu Chilufya ndiye aliyejibu, baada ya kujifuta macho kwa mkono uliojaa chumvi, jambo lililomfanya alie zaidi.

"Kwa sababu sisi wakubwa tulimukosea, baba," alisema. "Yule mutoto hakusema uongo hata neno moja. Alisema kitu aliona. Kazi yake iliishia pale. Kazi ya kuuliza, ya kusikiliza mpaka mwisho, ya kujua kitu gani kiko nyuma ya kitu anasema, ile ilikuwa yetu. Sisi tukafunga kitabu katikati, tukamaliza hadithi na woga wetu. Eness, na nyinyi wote watoto, mushike hii: mugonjwa hafichwi, na maneno ya mutu hayakatwi katikati. Mukisikia kitu cha kuogopesha, ulizeni mpaka mwisho, na mutu anayeumwa mumupeleke kwa dawa. Mimi nilikuwa naficha wajukuu wangu kwa mikono yangu mwenyewe."

Akainama, akachukua kisu, akampasua samaki mwingine. Eness alikifuta kitabu chumvi ili amrudishie Mwalimu Kapembwa. Kule ziwani mtumbwi wa baba ulikuwa ukipotea polepole kwenye upeo wa macho. Sampa aliutazama mpaka kofia ikapotea.

"Hajaliwa," aliwaeleza wanawake wote kwa sauti kubwa. "Amekwenda mbali tu. Yaya ameniambia, na mimi nimeuliza."