Daftari la Viluwiluwi

Kila asubuhi, kengele haijalia bado, binti mmoja alikuwa ameshafungua madirisha ya darasa la sita. Wenzake walimwita Bi Usafi, na jina hilo hakupewa bure. Mama yake alikuwa mfanya usafi katika zahanati, na nyumbani kwao sufuria zilisuguliwa mpaka mtu akajiona uso wake chini. Ukimkalisha Bi Usafi kwenye dawati lenye doa la wino, hasomi neno mpaka doa litoke. Walimtania sana kwa hilo, naye alicheka pamoja nao, kwa sababu moyoni alijivunia.

Nyuma ya darasa, kwenye meza iliyo chini ya dirisha, palikuwa na beseni la bluu. Wiki kadhaa nyuma mwalimu wa sayansi alikuwa ameleta humo mayai ya chura aliyoyachota bondeni. Yalikuwa yamegandamana ndani ya ute mzito, kila yai na nukta yake nyeusi katikati. Watoto wengine waliziba pua ingawa hayakunuka chochote. Siku chache baadaye nukta zikarefuka, zikapata mikia, zikaanza kuogelea. Wakawa viluwiluwi ishirini na mmoja. Walipumua kwa matamvua kama samaki na kula majani laini na makombo ya mkate, na darasa zima likawapenda kama ndugu zao wa tumbo moja.

Mwalimu alijaza maji nusu ya beseni, kutoka pipa la mvua, kisha akatumbukiza jiwe kubwa ambalo kichwa chake kilitokeza juu. "Kazi ya jiwe hili sisemi," aliwaambia. "Viluwiluwi wenyewe watawaonyesha." Halafu akatoa daftari, akampa Bi Usafi. Kila siku aandike idadi yao, chakula walichokula, na chochote kilichoongezwa au kuondolewa. "Hata kikiwa kidogo namna gani, andika. Na usiguse kitu bila kuniuliza."

Wanafunzi watano walikuwa wameitamani kazi hiyo. Bi Usafi alilikumbatia lile daftari mpaka nyumbani.

Basi ikafika wiki ambayo mwalimu alikwenda semina mji mwingine. Walikubaliana kwamba kila siku saa nne atapiga simu ofisini kwa mwalimu mkuu, na Bi Usafi atamsomea daftari. Wakati huo viluwiluwi walikuwa wameshaota miguu ya nyuma, na wachache walianza kuchomoza ya mbele.

Jumatatu asubuhi zikaja habari kwamba mkaguzi wa shule anakuja. Bi Usafi aliliangalia beseni, roho ikamuuma. Jiwe lilikuwa limeota uchafu wa kijani unaoteleza, na maji yalikuwa nusu tu, kama ya watu wavivu. Hakumuuliza mtu. Alilitoa jiwe, akalitupa nyuma ya darasa, akajaza maji ya mvua mpaka ukingoni. Beseni likang'aa. Mkaguzi alipopita alilisifia, na mwalimu mkuu akatabasamu mpaka meno ya mwisho.

Saa nne, kalamu mkononi, Bi Usafi akafika kwenye mstari wa mabadiliko. Alikumbuka aliambiwa asiguse kitu. Akaandika, "Hakuna." Alijiambia kwamba jiwe ni jiwe tu, halili wala haliliwi.

Jumanne alikuta wanne wamekufa.

Walikuwa wamelala chini kabisa ndani ya beseni, weupe tumboni. Alisoma hesabu kwenye simu.

"Kuna kilichoongezwa au kuondolewa?" mwalimu aliuliza.

"Hakuna, Mwalimu."

"Wanakula nini?"

"Makombo ya mkate. Analeta Mapengo."

Mapengo alikuwa mvulana wa dawati la mbele aliyepoteza meno mawili kwa kuteleza uwanjani. Kila siku alikata kipande cha mkate wake wa asubuhi kwa ajili ya viluwiluwi. Mwalimu alisema labda mkate umezidi na umechachua maji, basi wausimamishe. Ule ushauri ulifika darasani kabla Bi Usafi hajakaa. Mpaka mchana kila mtu alishajua kwamba Mapengo amewalisha viluwiluwi sumu.

Mkate ukasimamishwa. Jumatano wakafa sita.

"Punguza jua," mwalimu alisema. Wakahamisha meza. "Badilisha nusu ya maji." Wakabadilisha, wakajaza tena mpaka ukingoni, maana ndivyo beseni lilivyokuwa. Alhamisi wakafa sita wengine. Bi Usafi alikaa mbele ya beseni muda wote wa mapumziko. Aliwaona wale wenye miguu minne wakipanda juu, wakitoa pua nje, kisha wakikwangua ukuta wa beseni kwa vidole vyembamba kama uzi. Ukuta ulikuwa laini na safi. Waliteleza, wakazama, wakapanda tena polepole zaidi. Hakujua wanataka nini. Angejua angewapa, hata kama ni nusu ya chakula chake. Alitia mkono majini akautoa, akautia tena, hana la kufanya.

Jioni ile hakugusa chakula. Mama yake alimtazama.

"Mwanangu, una nini?"

"Viluwiluwi wanakufa, mama. Tumefanya kila tulichoambiwa na bado wanakufa."

Mama alimpangusa uso kwa upande wa kanga. "Kama mmefanya kila mlichoambiwa, basi usijitese. Kuna mambo yanatushinda tu."

Maneno yale yalikusudiwa kumpoza, lakini yalimchoma. Alitaka kusema, akaanza kukusanya vyombo. Kila siku aliyonyamaza ilifanya siku iliyofuata iwe ngumu zaidi. Angeanzia wapi? Angesemaje kwamba siku nne zote amekuwa akimdanganya mwalimu?

Ijumaa walibaki wanne. Bi Usafi alimkuta Mapengo amesimama mlangoni, haingii. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa, ndani yake majani ya mboga yaliyochemshwa.

"Nimechemsha mwenyewe," Mapengo alisema. "Hayana chumvi. Lakini wape wewe, mimi nisiwasogelee."

"Kwa nini?"

"Labda kweli ni mimi. Watu wote wanasema, na mimi naona ni kweli. Sikujua mkate unaua." Aligeuza uso ili asionekane macho.

Bi Usafi aliyapokea yale majani. Kumbe mwenzake amekuwa akiubeba mzigo huu wiki nzima, na wala hajui ni wa nani.

Hakusubiri saa nne. Alikwenda ofisini, akamwomba mwalimu mkuu ampigie mwalimu wa sayansi. Simu ilipopokelewa, alisahau hata kusalimia.

"Mwalimu, nilitoa jiwe. Jumatatu. Nikajaza maji. Nikaandika hakuna."

 Mwalimu akasema kwa haraka, "Sikiliza. Wakiota miguu ya mbele, matamvua yao yanafungika na mapafu yanaanza kazi. Chura mchanga lazima atoke apumue hewa, na lazima apate pa kushika. Asipopata anachoka na kuzama. Mwanangu, hawa hawana ugonjwa. Wanazama. Kalirudishe jiwe, mwaga maji yabaki nusu. Nenda."

Alikimbia. Jiwe lilikuwa bado nyuma ya darasa, limekauka. Mapengo alimsaidia kumwaga maji kwa kikombe. Kichwa cha jiwe kilipotokeza, kiluwiluwi mmoja mwenye mkia mfupi alikigusa kwa mkono, akajivuta, akakaa. Koo lake lilipanda na kushuka upesi upesi. Baada ya muda, wa pili akamfuata. Wawili waliobaki hawakuwa na miguu ya mbele bado, nao waliogelea chini bila habari.

Jumatatu mwalimu alirudi. Vyura wawili wadogo kama kucha ya gumba walikaa juu ya jiwe, mikia yao karibu imekwisha. Mwalimu aliwaeleza wanafunzi kwamba mkia haukatiki. Mwili unaufyonza uwe chakula, maana siku hizo chura mchanga hali kitu. Kisha akamwita Bi Usafi mbele.

Bi Usafi alisimama, akamtazama Mapengo peke yake. "Haikuwa mkate wako. Mimi ndiye niliyetoa jiwe, nikadanganya, nikakuacha ulaumiwe. Nisamehe."

Mapengo akatikisa kichwa kukubali.

"Mwalimu," Bi Usafi aliuliza, machozi yakimlenga, "ningesema Jumanne, wangepona?"

 Mwalimu angeweza kumpoza, lakini hakumdanganya.

"Wale wanne wa kwanza, hapana. Wale kumi na watatu waliofuata, ndiyo. Karibu wote."

Bi Usafi alijifunika uso. Mwalimu akamwekea mkono begani na kusema na darasa zima.

"Kutoa jiwe lilikuwa kosa la kutojua, na sehemu yake ni yangu, kwa sababu sikuwaambia kazi yake. Kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa dakika tano. Lakini mimi nilikuwa mbali. Sikuwa na macho mengine ila daftari lile. Liliponiambia hakuna kilichobadilika, niliacha kuwaza jiwe, nikahangaika na mkate, na jua, na maji, huku dawa ninayo mdomoni siku zote. Mtu anayetaka kuwasaidia anaweza kuwa na ujuzi wote wa dunia. Mkimficha ukweli, mmemfunga mikono, na anayeumia ni yule asiyeweza kujisemea."