Pijo Iliyouliza Njia

Asubuhi ile Javan hakuwa na shida yoyote duniani isipokuwa chai kukosa sukari. Alikuwa fundi wa umeme wa magari pale Migori, gereji yake ikiwa uani kwake, kando ya barabara ya Isebania. Ungemwuliza ni nani anayeweza kunyamazisha redio inayokoroma, angejitaja mwenyewe kabla hujamaliza swali. Alikuwa na maneno mengi na mikono mizuri, na alimtania kila mtu, hata magari.

Mteja wa kwanza alikuwa Mirumbe, mfanyabiashara wa tumbaku kutoka Kehancha, aliyeleta Pijo 505 ya familia, ile ndefu yenye mlango mkubwa nyuma. Alisema gari lina magonjwa mawili. Redio inanguruma, na ndani ya ngurumo kuna kitu kama mtu anayenong'ona. Halafu kiyoyozi hakizimiki, kinapuliza baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Aliyasema hayo akiwa amesimama mbali na gari lake, kisha akaondoka bila kuuliza litakuwa tayari lini.

Javan alianza kama alivyoanza siku zote. Ngurumo ikipanda na kushuka pamoja na injini, mwizi ni oltaneta inayochaji betri. Ikidundadunda, ni nyaya za plagi. Alifunga kondensa mpya ya kumeza ngurumo kwenye oltaneta, akabadilisha nyaya, akakwangua kutu chini ya eriali hadi bati likang'aa. Ngurumo haikupungua hata kidogo. Mwishowe akachomoa waya wa eriali kabisa, akauacha unaning'inia. Redio isiyo na eriali haipaswi kushika sauti ya mtu, lakini mnong'ono ulikuwa palepale.

Akageukia kiyoyozi. Alivua mkanda wa kompresa na kuutundika msumarini. Bila mkanda kompresa haizunguki, na isipozunguka hakuna baridi, hilo analijua hata mwanagenzi. Akawasha injini, akaweka kiganja mbele ya tundu la hewa. Baridi ilitoka, na ilikuwa na harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa.

Akajiambia yako magonjwa yanayojificha gari likisimama, akalitoa barabarani. Kwenye daraja la mto Migori alipunguza mwendo nyuma ya trekta la miwa. Ngurumo ikashuka. Sauti ya mwanamume, ya upole na iliyochoka, ikauliza:

"Tumefika wapi?"

Javan alicheka, akidhani ni mchezo wa redioni. "Migori, mzee," akajibu.

Ngurumo ikarudi. Alipogeuza gari karibu na soko, swali likaja tena. Hapo ndipo alipokumbuka waya wa eriali. Kicheko kilimkauka. Alitaka kuzima redio, akagundua kwamba ilikuwa imezimwa tangu alipotoka nyumbani. Aliendesha mpaka kwake bila kugusa kitu kingine, na mbele ya geti, gari lilipopunguza mwendo, sauti ikauliza mara ya tatu. Javan aliogopa, na akiogopa hukasirika.

"Tumefika," alisema. "Shuka basi."

Kufuli ya mlango wa nyuma ikalia. Baridi ikakoma. Redio ikanyamaza kimya.

Binti yake Lynnet, aliyekuwa darasa la kwanza, ndiye aliyekuwa akimfungulia geti siku zote, na siku zote alimwambia, "Karibu, baba." Siku hiyo aliangalia nyuma ya bega la babake, ndani ya gari.

"Karibuni," alisema.

Javan aligeuka. Hakukuwa na mtu.

Mirumbe alichukua gari lake akiwa na furaha, na Javan akapokea sifa kwa uso mkavu, maana nyumbani mambo yalikuwa yamebadilika. Lynnet alikuwa anatetemeka. Alitetemeka juani, alitetemeka kando ya jiko, alitetemeka chini ya blanketi mbili. Kliniki walimpima malaria wakasema hana. Kila alipopita karibu na meza, redio ya nyumbani ilikoroma.

Adhuhuri moja walikuwa wanakula samaki. Lynnet akamega ugali, akautenga ukingoni mwa sahani. Mamake, Emmaculate, akamwuliza ni wa nani.

"Ni ya anko aliyeshuka," mtoto alisema. "Anasema hapa si kwao. Anataka mimi nimpeleke."

Emmaculate aliweka sahani chini polepole. "Baba Lynnet," alinong'ona, "ulimwambia nani ashuke?"

Javan akasimulia yote. Katika maisha yake hakuwahi kuogopa hivyo, hata siku betri ilipomlipukia usoni. Mtoto wake wa pekee alikuwa anaombwa safari, na mtoto huyo hakujua kukataa.

Alikwenda Kehancha siku hiyohiyo. Mirumbe hakumzungusha. Alisema alikuwa na karani, Wesley, mtu wa Kendu Bay, aliyeugua akafa akiwa kazini. Alimpeleka kwao kwa gari lile. Jua lilikuwa kali, kwa hivyo aliwasha kiyoyozi mpaka mwisho ili mwili usiharibike, na kwa sababu ukimya ulimtisha, akafungua redio njia nzima.

"Mliongea na yeye njiani?" Javan aliuliza.

"Niongee na maiti?" Mirumbe akajibu. "Sisi Wakuria hatuna hiyo, fundi. Hakuna mtu aliniambia."

Wajaluo, kabila la Wesley, huwa wanaongea na maiti wao. Anayerudishwa kwao huelezwa kila mto na kila mji, ili asiachwe barabarani. Wesley alizikwa vizuri, na watu walilia vizuri, lakini kilichozikwa ni mwili tu. Mwenyewe alibaki ndani ya Pijo akiuliza njia, mpaka Javan alipomshusha pasipo kwao. Emmaculate alijua la kufanya. Arudishwe kwa gari lilelile, aelezwe mahali baada ya mahali, na kila mara aitwe kwa jina lake, wasije wakaitika wengine. Hilo la jina alilirudia mpaka Javan akamwambia amesikia.

Kesho yake asubuhi Javan alisimamisha getini Pijo aliyoazimwa na Mirumbe, akafungua mlango wa nyuma. "Wesley, si hapa. Panda twende kwenu." Baridi ilimpita mkononi. Kwenye kizingiti, Lynnet aliacha kutetemeka, akaomba uji. Javan angeweza kulia pale pale, lakini akapanda akaenda.

"Wesley, tumevuka mto Migori."

"Wesley, hii ni Rongo."

Rodi Kopany, vilevile. Homa Bay, vilevile. Kila mara redio ilinguruma kidogo, kisha ikatulia kama mtu aliyeridhika na jibu.

Mbele ya Homa Bay kuna daraja ambapo basi lilitumbukia wakati wa mvua za El Nino. Maji yaliwachukua abiria, na wengine hawajaonekana mpaka leo. Javan alipopunguza mwendo pale, redio ilipiga kelele. Haikuwa sauti moja. Wanawake, wanaume, mtoto mchanga. Wote waliuliza pamoja. Jina likamtoka kichwani. Akasema kama makanga anayeita abiria stendi, kwa mazoea tu, ili yaishe:

"Twendeni, twendeni nyumbani."

Kelele zikakoma. Gari likabonyea nyuma kidogo. Alijiambia ni shimo la barabarani, akakanyaga mafuta.

Kendu Bay alimkuta Phelesia, mamake Wesley, akianika omena, dagaa wa ziwani. Javan alijieleza kwa aibu. Mama hakushangaa wala hakuuliza, alifuta mikono tu, akatangulia hadi kaburini, Javan akimfuata na gari.

"Wesley," Javan alisema, "umefika kwenu. Shuka."

Kufuli ikalia. Nyasi za kaburini zikalala, kisha zikainuka. Phelesia akamshika Javan mkono, akasema sasa yeye naye atapata usingizi.

Njia ya kurudi ilikuwa nyepesi kwa moyo, nzito kwa gari. Vilima alivyovipanda asubuhi kwa gia ya tatu sasa vilimtaka ya pili. Alilaumu petroli. Redio ilikuwa kimya na tundu la hewa lilikuwa na joto la kawaida, kwa hivyo akaimba, vibaya, mpaka Migori.

Lynnet alikuja mbio getini. Uso wake ulikuwa na jasho la kucheza, na Javan alipoliona jasho hilo machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Mtoto alikuwa amepona. Akafungua geti, na Javan akasubiri kukaribishwa.

Nyuma yake kufuli zikalia, moja, kisha nyingine, kisha zote.

Lynnet aliangalia ndani ya gari, nyuma ya bega la babake.

"Karibuni," alisema.

Kisha akakusanya sketi yake, akabana mwili kwenye nguzo, kama mtu anayepisha umati. Alilishikilia geti wazi kwa muda mrefu sana.