Tarumbeta Isiyokubali Kushushwa

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda stoo ya redio kuchukua santuri. Kompyuta ilikuwa imegoma, na kipindi changu cha salamu hakijawahi kuanza bila wimbo wake: bendi kubwa ya zamani, ngoma, saksafoni, kisha tarumbeta. Tarumbeta ikiingia tu, fundi mitambo hushusha muziki na mtangazaji huanza kuongea juu yake. Ndiyo kazi yetu.

Kabla yangu aliyekuwa akiongea ni shangazi yangu. Jioni moja alifungua mdomo akiwa hewani, sauti haikutoka. Haikurudi tena. Akitaka chumvi, anagonga meza kwa kijiko. Watu walisema mpiga tarumbeta alikufa na kinyongo, tena santuri ile ilifanyiwa dawa. Wote walikimbia kiti cha shangazi. Mimi nikakiomba makusudi.

Stoo ilinuka jasho na mafuta ya nywele...

Mtu alikuwa ameketi katikati ya rafu. Koti jeupe. Midomo imepasuka.

"Leo usiongee juu yangu," alinong'ona.

"Wewe nani?"

"Kila siku nikianza kupuliza, mnanikata. Mpaka lini?"

Niliogopa, sikatai. Lakini hasira ilinipanda kuliko hofu.

"Shangazi yangu umemfanya nini?"

"Alininyamazisha. Nikamnyamazisha."

Nilinyoosha mkono nikachomoa santuri, kiwiko kikamgusa bega.

Baridi.

"Pole kwa yaliyokukuta," nikasema, "lakini kipindi ni changu."

Studioni, fundi akaiweka santuri. Ngoma. Saksafoni. Tarumbeta...

Akashusha.

Muziki haukushuka.

"Mbona hivi?" fundi alinong'ona. "Nimezima kabisa!"

Taa nyekundu ikawaka: niko hewani. Pumzi ya moto ikanipiga sikioni. Koo likakaza, kama mtu anavuta kamba ya kufungia gunia. Akilini nikamwona shangazi na kijiko chake, na mimi kando yake na changu.

Nikaongea.

"Wasikilizaji, mnaisikia hiyo tarumbeta? Mwenyewe yuko nyuma yangu. Anataka ninyamaze. Sinyamazi!" Sauti ilitoka ikikwaruza, lakini ilitoka. "Salamu za kwanza zimwendee shangazi yangu. Shangazi, kama unanisikia, jibu. Jibu kwa mdomo!"

Tarumbeta ikapanda, ikapanda... ikakatika.

Nilipogeuka, fundi hakuwepo. Mlango ulikuwa bado unabembea. Nikamaliza kipindi peke yangu, salamu moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho.

Nyumbani nilimkuta shangazi kwenye benchi la sebuleni, machozi yakimtiririka.

"Mwanangu," alisema.

Sauti yake ile ile! Nikamkumbatia. Tulilia, tukacheka kama wendawazimu.

"Ulipong'ang'ania kuongea, kuna kitu kilinitoka kooni," alisema. "Sijui kimekwenda wapi."

"Kiende kinakotaka."

Shangazi alijifuta uso. Kisha akatazama nyuma ya bega langu, akasogea kwenye benchi kutoa nafasi.

"Na mgeni wako? Mbona umemwacha mlangoni?"

Nilikuwa nimerudi peke yangu.

Nywele zilinisimama, lakini sikugeuka. Nikakaa kwenye ile nafasi, nikamshika shangazi mkono.

"Akitaka aingie," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Ila humu tunaongea sisi."